Mwaka wa Ndiyo na Hapana, Nyangoto

Simu ilinikuta darasani hapa Mwanza, chaki mkononi, nikiandika ubaoni mambo ninayoyaandika kila mwaka wanafunzi wapya wakija: hii ni namba, haya ni maneno, na hii aina ya tatu ina majibu mawili tu, ndiyo au hapana, true au false, basi. Aliyepiga ni binamu yangu aliyebaki Nyangoto. Hakunisalimia hata. "Bhoke, yule mzee wenu wa duara amefariki. Mzee Wambura. Anazikwa keshokutwa kwao Kisaka." Nikamwambia asante, nikakata simu, nikageukia ubao, nikashindwa kuendelea. Nikawaruhusu vijana waende mapema, na mmoja akanong'ona mlangoni, "Leo mwalimu hajagomba mtu, lazima kuna jambo zito." Alikuwa sahihi. Mimi ni mtu wa maneno makali, nasema mapema usije ukashangaa mbele ya safari. Lakini kuna neno moja nilipaswa kulisema nikiwa na miaka ishirini, mbele ya watu, na sikulisema. Kwa sababu hiyo Mzee Wambura alizeeka na jina la mtu aliyemwacha mwenzake afie shimoni. Hakumwacha. Ni mimi.

Mwaka ule Nyangoto kulikuwa na rashi. Ndivyo tulivyoita: dhahabu ikionekana mahali asubuhi, jioni watu wameshajaa, Wakurya, Wajaluo, Wasukuma, na wengine wamevuka mpaka wa Sirari na Kiswahili chao cha Kenya. Shamba la mihogo la jana leo ni duara, yaani shimo la kuchimbia, na mwenye shamba na mwenye duara wanatishiana mapanga. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na mgodi mkubwa unaonguruma bila kupumzika. Upande wetu tulikuwa na sululu, kamba na ndoo. Mimi nilikuwa karani wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Ofisi yangu ilikuwa kibanda cha mabati, meza moja, benchi moja, betri ya sola chini ya meza, na joto la kuivisha mkate. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani ameshuka duarani na nani amepanda. Bati halifichi siri. Kupitia ukuta ule nilisikia nani kaachwa na mke, nani kapewa dawa na mganga ashuke nayo, na nani anasema karani wa kike ni mkosi kwenye dhahabu. Huyo wa mwisho nilimtokea nje nikamwambia mkosi ni kutokuoga. Walimcheka wiki nzima.

Aliyesimamia mdomo wa duara alikuwa Mzee Wambura, Mngoreme wa Kisaka, mrefu, mkavu, mpole mpaka anaudhi. Bila yeye hakuna aliyeshuka. Na alikuwa na utaratibu wake. Pembeni ya shimo alifunga waya kati ya miti miwili, na kila anayeshuka alivua shati lake akalitundika pale. Ukipanda unachukua shati lako. Jioni mzee alitazama waya: ukiwa mtupu, anafunga kazi anakwenda kula. Likibaki shati moja, habanduki pale hata mvua inyeshe. Siku zangu za mwanzo nilimuuliza kwa nini hahesabu watu tu, kumi wameshuka, kumi wamepanda, kwisha. Alinitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, ng'ombe zizini hawahesabiwi kwa kidole, sembuse watu walio chini ya ardhi? Ukimhesabu mtu umemwonyesha kwa anayemtafuta." "Nani anamtafuta?" nikamuuliza. "Hilo shimo wewe hulioni?" Na mimi, na cheti changu cha kidato cha nne ambacho wino wake haujakauka, nikaona mzee mshamba huyu, atanifundisha nini.

Aliyenifundisha, kwa mawazo yangu, alikuwa Bwana Idi. Kila Jumamosi nilikwenda kwake Tarime mjini. Alikuwa fundi simu, mtu wa Tanga aliyefuata biashara akaoa huko huko na kubaki. Mbele duka, nyuma chumba cha dirisha moja chenye kompyuta mbili kuukuu, harufu ya waya zilizoungua na harufu ya tangawizi, maana saa nne mkewe, Mama Salma, alileta chai ya maziwa na mandazi, na hapo somo linasimama hata kama dunia inaungua. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, alijifunza mwenyewe, kwa karatasi alizochapisha mahali na kwa ubishi. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, tuliandika programu kwenye daftari na yeye mwenyewe anakuwa kompyuta: anakaa wima, anasoma mstari kwa mstari kwa sauti isiyo na huruma, anatamka matokeo. "Namba tano jumlisha namba tano?" Nasema kumi. "Vyema. Namba tano jumlisha tano iliyo ndani ya alama za mtajo?" Nasema kumi. "Tano tano, bibie! Ile ya pili ni neno, si namba. Kompyuta imezibandika tu, kama bango na ukuta." Kisha akatupa somo la aina ya tatu. Ukiandika false peke yake, hiyo ni hapana. Ukiiweka ndani ya alama za mtajo, ni neno tu, na kompyuta ikiulizwa neno hilo ni ndiyo au hapana, haisomi maana yake, inatazama kama kuna kitu. Kipo? Basi ni ndiyo. "Hata likiwa neno 'hapana' lenyewe?" akauliza mwanafunzi mwenzangu. "Hata likiwa hapana lenyewe." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Zoezi la siku hiyo nilipata yote.

Zoezi la nyumbani lilikuwa kuandika mambo matano ya mtu unayemfahamu na kutaja kila jambo ni aina gani ya data. Nilimwandika Marwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameegemea mlango wa kibanda changu wakati huo akila muhogo wangu wa kuchemsha bila kuulizwa. Marwa alikuwa mchimbaji, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtani, mwimbaji mbaya. Jina: Marwa, hilo ni neno. Umri: ishirini na tatu, namba. Ana mke: hapana. "Aka, usiandike hivyo, andika bado!" Nikamwambia kompyuta haijui bado. "Basi hiyo mashine yenu haijaoa." Ameshiba? akauliza mwenyewe, mdomo umejaa. Nikaandika hapana, akapiga makofi, akasema hiyo sasa imesema kweli, na akachukua kipande kingine. Sikuwa nampenda kwa namna ile watu walivyodhani. Nilimzoea tu, na katika mwaka ule, kwenye kijiji kilichojaa wageni wenye macho ya njaa, kumzoea mtu kulikuwa kitu kikubwa.

Kiburi changu kikanituma niandike programu ya duara. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amepata kompyuta ya mkononi iliyotumika, akaiweka mezani kwangu iwe mapambo ya kuwaonyesha wageni. Nikasema haiwezi kukaa bure. Mwanzo nilitaka itumie namba, walioshuka na waliopanda, lakini Mzee Wambura alikataa katakata watu wake kuhesabiwa, na sikutaka ugomvi naye. Nikaandika kila jina na swali moja: amepanda? Ndiyo au hapana. Nilijiona mjanja, nimeheshimu mila na nimeleta maendeleo kwa pigo moja. Jina likiitwa kushuka, naandika false. Akipanda, naandika true. Nikibonyeza kitufe, kama wote wamepanda, ukurasa unakuwa kijani na maandishi yanatokea: Duara ni tupu. Kama kuna mtu chini, unakuwa mwekundu. Nilipoandika majibu hayo mwenyewe ndani ya programu, yalifanya kazi bila kosa. Kisha Mwenyekiti akataka visanduku, kila jina na kisanduku chake, ili ipendeze. Nikaweka visanduku. Na kila kinachoingia kupitia kisanduku huingia kikiwa neno, na neno lolote, hata false, kwa kompyuta ni ndiyo. Hilo nalo Bwana Idi alikuwa amelisema. Kuanzia siku ile programu yangu haikuwa na namna ya kusema kuna mtu chini. Hakuna aliyegundua, kwa sababu kitufe nilikibonyeza jioni tu, na jioni watu walikuwa wamepanda kweli. Siku baada ya siku ilisema duara ni tupu, na siku baada ya siku ilikuwa tupu. Kijiji kizima kikaamini.

Mzee hakuamini. Alikuja kibandani siku Mwenyekiti alipoagiza waya uondolewe, ukatumike kufungia magogo ya kushikilia kuta za shimo. Akasimama, akavua kofia. "Bhoke, mimi sipingi mashine yako. Lakini shati la mtu lina harufu yake. Ukiliona peke yake pale, moyo unashtuka. Hiyo kitu yako inashtuka?" Nikamjibu, na Mungu anisamehe, "Mzee, dunia haisubiri watu wa mashati." Alivaa kofia yake akaondoka. Jioni ile nilikula ugali na dagaa kwa mama mdogo nikimsimulia jinsi nilivyomnyamazisha mzee, na mama mdogo akasema, "Umemjibu hivyo mtu mzima? Sahani hiyo iache, kamwombe radhi." Nikamaliza sahani. Radhi sikuomba.

Ilitokea mchana, siku ya tatu ya mvua. Nilisikia kelele kabla ya kishindo, watu wakipiga yowe, kisha ardhi ikatoa sauti kama mtu anayekohoa, na mezani kikombe changu kikasogea. Ukuta wa duara ulikuwa unaanguka kwa chini. Wakapanda wakigombania kamba, wamejaa tope hata nyuso hazijulikani, na Mzee Wambura amepiga magoti mdomoni anawavuta mmoja mmoja na kunitajia majina kwa sauti. Mimi nilisimama mlangoni na kompyuta mikononi, nikiandika true, true, true. Kisha hakuna aliyepanda tena. Mwenyekiti akaja mbio, akauliza, "Wametoka wote?" Nikabonyeza. Kijani. "Wametoka wote," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, na furaha ndani yake. Mzee akainuka. "Marwa sijamwona." Mwenyekiti akasema kompyuta imeonyesha katoka, na mtu mwingine akadai kamwona akikimbilia bondeni. "Mimi sijamshika mkono," mzee akasema tena, na akatazama upande uliokuwa na waya, ambako sasa kulikuwa na miti miwili tu. Mwenyekiti akaamuru watu wote wasogee mbali, shimo litaendelea kumeguka. Mzee alisimama pale kwa muda. Kisha na yeye akasogea. Kama ningeshusha macho kidogo tu, chini ya ile rangi ya kijani, kwenye mstari wa Marwa, ningeona neno false limekaa pale kwenye kisanduku chake. Sikushusha. Kwa nini nishushe macho na mashine imeshajibu?

Saa mbili baadaye mama yake Marwa alikuja na chakula chake kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, kama siku zote. Akauliza mwanawe yuko wapi. Watu wakatazamana. Sitaki kueleza jinsi walivyochimba, nani alilia na nani alikimbia. Walimfikia jua likikaribia kuzama. Waliomtoa walisema udongo ulimfika kiunoni tu, juu yake njia imeziba, na kwamba mikono yake ilikuwa imefanya kazi kubwa. Alikuwa amejichimbua kwa mikono mpaka hewa ilipomwishia. Nilirudi kibandani nikafunga mlango. Nikafungua programu, nikaandika jina langu mwenyewe, Bhoke, na kwenye kisanduku nikaandika false, kwamba niko chini ya ardhi. Nikabonyeza. Kijani. Duara ni tupu. Nikarudia mara tatu, nne. Nilielewa palepale, sikuhitaji mwalimu.

Kikao kiliitwa baada ya mazishi. Watu walikaa kwenye magogo, mama yake Marwa mbele, kichwa kimefungwa kanga nyeusi, hatazami mtu. Mwenyekiti akaeleza kwamba karani aliandika kila jina lililotajwa, na kwamba mashine haina chuki na mtu; kwa hiyo kama ilionyesha Marwa katoka, basi ni lazima Mzee Wambura katika ile hekaheka alitaja jina lake kimakosa. "Mzee, ulimtaja Marwa?" Niliona mzee anavyojitafuta kichwani. "Sikumbuki," akasema. "Nilisema sijamwona. Lakini kama mashine imeandika, labda nilimtaja." Loo! Alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe kwa ajili ya mashine yangu. Hakuwa amemtaja. Nilijua. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake na nilikuwa na mdomo huu huu ninaogombeza nao watoto wa watu, na haukufunguka. Mtu mmoja nyuma akasema Wangoreme hao wamekuja kumaliza watoto wetu, na wengine wakaitikia. Wakampa mpaka jua kuzama aondoke Nyangoto na asikanyage tena. Alipita mbele ya kibanda changu na mfuko wa nguo. "Baki salama, mwanangu," akaniambia. Ningependelea angenitemea mate.

Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha Bwana Idi. Hakuigiza kompyuta siku hiyo. Alisoma kimya, akafika kwenye mstari wenyewe, akaweka kidole, akaniangalia. "Umewaambia?" Nikasema bado. "Waambie, Bhoke. Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikaanza kulia na kujitetea, kwamba wataniua, kwamba mzee ameshaondoka, kwamba hakuna kitakachomrudisha Marwa. Mama Salma aliyekuwa mlangoni na sinia la chai akageuka akarudi nalo jikoni. "Hayo yote ni kweli," Bwana Idi akasema, "na bado waambie." Sikurudi tena kwake. Kosa nililisahihisha kwa mstari mmoja, dakika mbili. Mwaka ulipoisha Mwenyekiti aliniandikia barua ya kunisifu kwa chuo cha hapa Mwanza, karani hodari aliyeleta teknolojia mgodini, na wakanipokea kwa barua hiyo. Kila nilichokula tangu hapo kimepikwa kwenye moto wa uongo ule. Watu hunisifu kwamba somo la aina za data nalifundisha kwa ukali usio wa kawaida. Mwanafunzi akicheka kwenye lile la neno na hapana, namtoa nje. Hawajui kwa nini, na mimi nimewaacha waone ni tabia tu.

Kisaka nilikuta msiba mkubwa kuliko nilivyotarajia. Mahindi yamesimama hadi ukutani, ng'ombe wamefungwa mbali, wanawake wanasonga ugali kwenye masufuria makubwa. Nilipokaa, nikasikia wanaume wawili nyuma yangu. "Huyu si ndiye aliyeacha mtu shimoni Nyangoto?" "Ndiye. Ndiyo maana hakuwahi kupewa hata uongozi wa kitongoji." Hapo nikasimama. Tulikuwa tumeshazika, zamu ya waombolezaji kuzungumza ilikuwa inaendelea, sikuitwa, nilisimama tu. Nikasema mimi ni nani. Nikasema mzee hakutaja jina la Marwa, alisema hajamwona, na mimi niliyekuwa na kompyuta ndiye niliyesema wametoka wote, na kosa nililijua siku ileile, na nilinyamaza akafukuzwa. Nilisema yote, na nilipomaliza nilihisi, naona aibu kukiri, wepesi. Nilidhani nimetua mzigo. Mjane wake, mama mmoja mdogo wa umbo, akanishika mkono akanivuta pembeni ya ghala.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza. Naomba unisamehe."

"Hapa umemwambia nani?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Sisi humu ndani tulijua hakuacha mtu. Nimelala naye miaka yote akiamka kuniuliza, mama Nyangi, hivi nilimtaja yule kijana? Namwambia hukumtaja. Analala. Kesho anauliza tena. Aliyehitaji kusikia maneno yako tumemfukia sasa hivi. Ulikuwa wapi? Njia ya Kisaka ilikuwa imefungwa?"

Nikaanza kulia.

"Basi usilie hapa, wageni wanakuona. Jina lake halikuharibikia Kisaka. Lilianza kuharibika Nyangoto. Nenda kaseme kule."

Sikurudi Mwanza. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, nilikuwa Nyangoto. Duara lile lilishafukiwa, pamejengwa nyumba za tofali, na nililazimika kuuliza njia katika kijiji nilichoishi. Mama yake Marwa nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda anamenya mihogo. Amezeeka sana. Nilimsalimia, akaitikia, akauliza mimi wa nani. Nikamwambia mimi ni Bhoke, yule karani wa duara. Kisu kikasimama. Nikamwambia niliyoyasema Kisaka, lakini hapa hayakutoka kwa mpangilio, nilianza mwisho, nikarudi mwanzo, nikaeleza habari za visanduku ambazo hazikumsaidia kitu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe uliposema wametoka wote," akauliza, "mwanangu alikuwa hai?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo. Hilo sikulitegemea, na mtu hawezi kumdanganya mama mara mbili.

"Alikuwa hai, mama."

Aliweka kisu chini. Kule barabarani mtu alipita na redio, sauti ikaja, ikaenda.

"Waliniambia alikufa palepale," akasema. "Miaka yote nimejifariji kwa hilo." Akasukuma ungo wa mihogo pembeni, akavuta kigoda cha pili kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele yake, karibu kabisa. "Kaa. Nieleze siku hiyo tangu asubuhi. Usiruke kitu."

Nikakaa, nikaanza na mvua.